Baba Saba wa Tursyn Hornung

Mkokoteni wa ng'ombe ulimshusha Paulina Hornung penye kisima cha Karasor mwezi wa Mei, theluji ikiwa imebaki mabaka mabaka tu kwenye mikunjo ya nyika. Alivaa koti la pamba lililotoka nyuzi, na viatu vyake vilishikwa na kamba. Tangu walipomtoa hapo alikuwa akikata miti kaskazini, katika jeshi la kazi walilopelekwa Wajerumani wa Volga, wanaume kwanza na wanawake baadaye. Hapakuwa na mahakama wala hukumu. Vita vilipoanza, kuwa na jina la Kijerumani kulitosha: familia nzima zilipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo zikamwagwa huku nyikani, na mwaka uliofuata wenye nguvu wakazolewa tena. Mama ambaye mtoto wake alikwisha kupita miaka mitatu hakuwa na la kujitetea. Mwanawe Reinhold alikuwa na mitano.

Mwendesha mkokoteni, mzee wa Kikazakhi mwenye kofia ya manyoya hata jua likiwaka, alimtazama akikung'uta majani kwenye sketi.

"Wewe ni wa nani hapa, binti?"

"Wa mzee Heinrich. Baba mkwe wangu. Nilimwachia mwanangu."

"Yule mrefu? Fundi wa magurudumu?"

"Huyo huyo."

Mzee akavuta kamba ya ng'ombe pasipo sababu, maana ng'ombe wenyewe walikwisha simama. "Pole, binti. Baridi ya mwaka ule mliozolewa haikumpa nafasi. Tulimzika kule juu. Ardhi ilikuwa chuma, ikabidi tuwashe moto kwanza ndipo tuchimbe."

Paulina hakulia. Kule alikotoka alimzika Gottlieb, mumewe, kwa habari ya mdomo tu: mtu wa kambi nyingine alimwambia wakiwa kwenye foleni ya supu kwamba Gottlieb ameangukiwa na mti, naye akaendelea kushika bakuli lake, kwa kuwa angetoka kwenye foleni angelala njaa. Machozi yalikuwa yamejifunza kukaa ndani.

"Na mtoto?"

"Mtoto yuko kwa Baizak, mchunga farasi. Nyumba ya mwisho ile." Mzee akashusha sauti kana kwamba ng'ombe wangesikia. "Lakini nenda taratibu. Mkewe, Kalampyr, si mtu wa kuchezewa."

Alikwenda taratibu, si kwa kuonywa bali kwa sababu miguu ilikataa. Mbele ya nyumba ya udongo kulikuwa na mvulana akimfundisha mwanafarasi kufuata kamba. Nywele zake zilikuwa na rangi ya majani makavu, uso umechomwa na upepo, na mguu wa kushoto aliutupa nje kidogo kila alipopiga hatua. Gottlieb alitembea hivyo hivyo. Paulina akaita, "Reinhold!"

Mvulana aligeuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa.

Akaita tena, kwa Kijerumani, akisema mimi mama yako, nimerudi. Mvulana akarudi kinyumenyume hadi mgongo wake ukagusa ubavu wa farasi. Mlangoni akatokea mwanamke mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, ndoo ya maziwa mkononi. Alimtazama mgeni, akamtazama mtoto, kisha akaiweka ndoo chini kwa uangalifu kama kitu kinachoweza kupasuka.

"Baizak," aliita bila kugeuka. "Amekuja."

Walimkaribisha, kwa kuwa huko mgeni hafukuzwi hata akija kuchukua roho. Wakakaa kwenye zulia la manyoya. Kalampyr akamimina chai ya maziwa, na kikombe cha Paulina akakijaza mpaka ukingoni. Paulina alikuwa ameishi nao mwaka mzima kabla ya kuzolewa, alijua maana yake: mgeni mpendwa humiminiwa nusu, ili apate kumiminiwa tena na tena; anayejaziwa kikombe ni kama ameambiwa, kunywa, aga, nenda. Baizak naye aliona. Alikuwa mtu mpana, mwenye masharubu machache na miguu iliyopinda kwa farasi. Alinyoosha mkono, akakitwaa kile kikombe kilichojaa, akakinywa chote mwenyewe, akamrudishia mkewe.

"Nusu," alisema.

Kalampyr akamimina nusu.

Kisha Baizak akamgeukia mvulana. "Mgeni kaingia. Mwenyeji hufanyaje?"

"Hujitaja."

"Basi jitaje. Usimung'unye maneno."

Mvulana akasimama, mikono ubavuni, macho yakiwa juu ya kichwa cha Paulina, akasema kwa Kikazakhi kama anayesoma dua: "Mimi ni Tursyn. Baba yangu wa kwanza ni Kotlip. Wa pili Kenrik. Wa tatu Yokanes. Wa nne Peter. Wa tano Adam. Wa sita Konrat. Wa saba Kaspar. Sisi ni watu wa Kornung."

Paulina aliweka mkono mdomoni. Gottlieb, Heinrich, Johannes, Peter, Adam, Konrad, Kaspar. Kila Jumapili, kule Volga, baba mkwe wake aliyahesabu majina hayo kabla ya kukata mkate, naye Paulina, bi harusi mchanga mwenye njaa, alificha miayo nyuma ya kiganja. Sasa yalimfikia yamevaa lafudhi ya nyika, kutoka kinywa kisichojua hata neno la Kijerumani la kuombea maji, na kile kilichojifunza kukaa ndani kikatoka chote. Alilia mpaka akainama na paji la uso likagusa zulia.

"Nani... nani amemfundisha?" aliuliza alipoweza. Walielewana kwa Kirusi, yeye cha kambini, Baizak cha sokoni.

"Mzee wako," Baizak alisema. "Alipoona haponi aliniita. Nikamwambia, mtoto nitamchukua, usiwe na wasiwasi, lakini kwetu mtu asiyejua baba zake saba ni yatima hata kama wazazi wake wako hai. Akacheka kwa kile kikohozi chake. Akasema, saba? Ninao. Akanitajia. Majina magumu kama mifupa! Nilikuwa nikiyarudia juu ya farasi, malishoni, nisije nikayapoteza. Farasi nao wanayajua."

"Ungeweza kumpa ya kwenu."

"Ningeweza. Ya kwetu ni mazuri, mmoja alikuwa shujaa wa kutajwa." Baizak akakuna masharubu. "Lakini huo ungekuwa wizi, mama. Ng'ombe aliyepotea ukimfuga hubadilishi alama yake."

"Maneno mengi," Kalampyr alisema ghafla, kwa Kikazakhi, na Paulina akayaelewa yote. "Wewe ulimpa majina ya wafu. Mimi nilimpa lake. Tursyn. Maana yake na abaki. Mwaka wa njaa kuu nilizika watatu, dada, watatu, na maziwa yalikuwa bado yanatoka. Huyu alikuja kwangu kifua kinalia kama filimbi. Nikamwambia abaki, akabaki. Sasa na wewe umekuja na kamba yako?"

"Sina kamba," Paulina alijibu. "Sina hata pa kulala."

Mvulana alimsogelea mgeni hatua moja, shingo imenyooka kama ya yule mwanafarasi.

"Wewe unawajua?"

"Nani?"

"Hawa saba. Mimi nina majina tu. Babu alikufa kabla hajanisimulia. Wenzangu baba zao wana visa. Omar, wa nne wake aliiba kundi zima la farasi, akavuka mto nalo wakati wa barafu. Wananicheka. Wanasema baba zangu ni vyungu vitupu, ukivigonga vinalia ko, ko, ko."

Paulina akafuta uso kwa mkono wa koti. Alikuwa mkaza mwana tu. Visa vile havikuwa vyake, na vingi vilimpita sikioni. Lakini mtoto alikuwa amemwuliza jambo, la kwanza tangu waachane, na hakuwa tayari kusema sijui.

"Kaspar," alisema kwa Kikazakhi chake cha kuokoteza. "Ngoja nianze na Kaspar, yeye ndiye wa kwanza kuitwa Hornung. Ilikuwa mbali sana, nchi ya Hesse, kabla hatujajua kama kuna Volga. Kulikuwa na baridi kama ya hapa. Asubuhi moja mtunza kanisa alikuta mtoto mchanga kwenye kona, nyuma ya mlango, amefungwa kwenye gunia. Hakuna aliyejua ni wa nani. Ilikuwa Februari, na wazee wa zamani mwezi huo waliuita Hornung. Padri akamwandika hivyo: Kaspar, na jina la ukoo Hornung. Lakini watu walikuwa na maana nyingine. Walisema Hornung ni mtoto wa pembeni, wa kona, asiye na fungu kwenye urithi. Wakimwona wanamzomea, haya, wa kona, pisha!"

"Kama mimi," mvulana alisema.

"Baba yako hakupenda kisa hiki. Aliona aibu. Babu yako ndiye aliyekisema kwa kujivuna."

"Nani alimlea?" Aliyeuliza alikuwa Kalampyr.

"Mfinyanzi na mkewe. Hawakuwa na mtoto."

"Alipokua aliwaacha?"

Paulina akafikiri. Alitamani kuwa na jibu zuri zaidi ya lile alilolijua, lakini alisema alilolijua. "Baba mkwe alisema aliwazika wote wawili kwa mikono yake. Ila jina lao hakulichukua. Sijui kwa nini."

Baizak akaitikia kwa kichwa taratibu. "Basi jina hili limezaliwa nyumbani kwa watu," alisema. Kalampyr akainuka kwenda kuangalia moto, ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Kulipopambazuka Baizak alimchukua Paulina nje, akajifanya anamwonyesha zizi. "Mchukue," alisema. "Ni wako. Kalampyr ataumia, lakini haki ni haki. Ila kuna jambo, usije ukasema sikukwambia. Kwenye baraza la kijiji ameandikwa Tursyn, mwana wa Baizak. Mkazakhi. Siku utakaposema ni wako, anakuwa mhamishwa kama wewe."

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mhamishwa hakuvuka mpaka wa kijiji bila kibali. Kila mwezi alisimama mbele ya kamanda akatia sahihi kwamba hajatoroka. Mtoto wake aliitwa fashisti shuleni, na akimaliza shule, hapo ndipo dunia yake ilipoishia; vyuo vya mjini havikuwa vyake.

Kamanda alikuja mwisho wa wiki, Mrusi mwenye mkono mmoja. Wa pili aliuacha vitani, na kila alipomtazama Mjerumani alikuwa kama anayeutafuta kwake. Alikaa kwenye benchi mbele ya ofisi ya shamba la ushirika, watu wakiwa wamesimama kando, farasi wa Baizak wakinywa maji nyuma.

"Jina?"

"Hornung, Paulina."

"Mume?"

"Amekufa."

"Watoto?"

Aliona mgongo wa Baizak ukikakamaa. "Nilikuwa naye mmoja," alisema.

Kamanda hakuinua macho. Hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili jibu alilolisikia kila siku. Lakini nyuma ya farasi ndoo ilianguka, maji yakamwagika, na Paulina akaona miguu miwili myembamba ikikimbia, wa kushoto ukitupwa nje.

Mtoto alimkwepa tangu siku hiyo hadi nyasi zilipokauka. Paulina alipewa kibanda cha nusu shimo nyuma ya zizi, akawa mkamuaji wa shamba la ushirika. Wenzake walimtania kwa kuwa aliwaimbia ng'ombe nyimbo za kanisani. "Mjerumani wetu anataka kuwabatiza!" walisema, naye akacheka nao, maana utani ulikuwa bora kuliko yale aliyoyazoea. Jioni alikaa mlangoni pake peke yake. Siku moja Baizak alimshika mvulana bega, akamleta, akamkalisha, akaenda zake bila neno. Sijui alimwambia nini njiani. Mvulana akasema kwa kununa, "Konrat."

"Ehe. Konrad." Paulina akasogea. "Konrad alikuwa mjukuu wa Kaspar? Hapana, mwanawe. Vita vilikuwa vimekula nchi yote, mashamba ni mawe na makaburi. Malkia wa Urusi akatangaza kwamba anayetaka ardhi aje. Konrad akatia nguo zake kwenye pipa la kabichi, akalivingirisha mpaka bandarini..."

"Pipa? Hakuwa na farasi?"

"Hakuwa na hata punda. Akapanda meli, akatapika mpaka Urusi. Wakatembea majira yote ya baridi. Walipofika Volga hapakuwa na nyumba, hapakuwa na kitu, majani tu mpaka ukingo wa mbingu. Mkewe akakaa juu ya pipa akasema, Konrad, umenileta mwisho wa dunia. Na karani Mrusi akamwuliza jina. Warusi hawana herufi yetu ya kwanza, basi akaandika Gornung. Konrad akasema, andika upendavyo, mimi najua ninavyoitwa."

Hivyo ndivyo alivyomrudia mwanawe, baba mmoja baada ya mwingine. Johannes alizama kwenye barafu akatoka upande wa pili na samaki ndani ya kiatu. Peter alianza ufundi wa magurudumu. Ila kwa Adam alikwama. Alikuna kichwa, akaomba radhi. Hakukumbuka chochote juu yake.

"Hakufanya kitu hata kimoja?"

"Labda alilima tu, mwanangu."

Mvulana akawaza sana. "Sawa. Basi alilima. Mtu wa kulima naye anatakiwa."

Kuna jioni Kalampyr alipita na kikapu cha samadi kavu ya kuwashia, akasimama kusikiliza, akajifanya kikapu kimemchosha. Siku nyingine aliketi. Wanawake wale hawakuwa marafiki. Waligombania kola ya shati la mtoto, waligombania kama apewe mafuta ya kondoo au maziwa ya moto akikohoa. Mtoto alimwita Kalampyr apa, yaani mama, kwa Kikazakhi, na Paulina akamwita mama kwa Kijerumani alichokuwa akijifunza, na mbele ya watu hakumwita chochote.

Alipotimiza miaka kumi na sita, mwaka ule kiongozi mkuu wa nchi alipofariki na watu wakalia bila kujua wanalilia nini, mwalimu alisema kijana anafaa chuo cha mifugo mjini. Kilichobaki ni kitambulisho. Yeye na Baizak wakatandika farasi wakaenda wilayani. Kalampyr alichinja kondoo. Paulina alioka mkate wa chachu wa kwao, uliofunikwa sukari na siagi, kwa unga aliouweka akiba tangu baridi.

Walirudi jua likiwa bado juu. Kijana alishuka, akawasimamia mama zake wote wawili pale uani, vumbi limemkaa kwenye kope.

"Nimewaambia mimi ni Hornung," alisema.

Paulina alimpiga kofi. Hakujua kama mkono wake una nguvu ile. Kofia ya kijana iliruka hadi kwenye sufuria la nyama.

"Mpumbavu we! Miaka yote hii nimemeza ulimi, nimekupita njiani kama mtoto wa jirani, ili upite wewe! Ili upite! Na wewe unarudi mwenyewe kwenye zizi!"

"Nilikusikia," kijana alisema. "Siku ile, nyuma ya farasi. 'Nilikuwa naye.' Kama mtu aliyekufa. Mimi sikufa, mama. Apa aliniambia nibaki, nikabaki."

"Baizak!" Kalampyr alimgeukia mumewe. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nje, nimeshika farasi," Baizak alisema. Masharubu yake, ambayo yalikuwa yameanza kuwa meupe, yalionekana meupe zaidi. "Alinieleza njiani. Nikamwambia fikiri. Akasema amefikiri. Nimfunge mdomo kwa kitambaa?"

Nyama ile hawakuila vizuri. Ikajulikana kwamba karani wa wilaya hakumaliza kazi. Alisema jambo kama hilo lazima kamanda alithibitishe kwa mama mwenyewe. Kamanda angekuja kesho yake.

Asubuhi Kalampyr aliingia kibandani kwa Paulina bila kubisha. Hakuwahi kuingia mle tangu kichimbwe. Alikaa kwenye kigoda cha kukamulia, akakunja mikono.

"Utamkana?" aliuliza.

"Nikimkana atasoma. Atakuwa daktari wa wanyama. Wewe hutaki?"

"Nataka. Nataka mpaka nimekosa usingizi." Kalampyr alitazama ukuta. "Usiku mzima nimekuwa nikisema moyoni, amkane, amkane, awe wangu kabisa. Ndipo nikajua si jambo jema, maana mimi nikitaka kitu hivyo huwa kibaya. Sikiliza, dada. Mtoto anaweza kukanwa mara moja kwa ajili ya mkate. Mara ya pili hataamini tena mtu yeyote, hata mimi."

Paulina alifunga kitambaa chake, akakifungua, akakifunga tena.

Kamanda alikaa kwenye benchi lile lile. Alikuwa amezeeka na kuchoka, na labda chuki nayo huchoka. Kijana alisimama mbele yake, Baizak na Kalampyr nyuma.

"Wewe Gornung," alimwambia Paulina. "Uliniambia ulikuwa naye mmoja. Huyu anasema ndiye yeye. Mmoja kati yenu ananidanganya." Akainamia mbele. "Nitakwambia kama mtu, si kama kamanda. Ukisema simjui, nachana karatasi hii, tunasahau, anaenda mjini kesho. Ukisema ni wako, atatia sahihi kila mwezi kando yako, na wewe nitakuandikia adhabu kwa uongo. Haya. Ni mwanao?"

Upepo wa nyika ulikuwa ukivuma chini chini kwenye majani. Paulina alimtazama kijana wake. Naye hakuwa akimsihi kwa macho. Alikuwa ametazama mbele, mikono ubavuni. Paulina alifikiria chuo, koti jeupe, barabara za mjini. Alimfikiria Heinrich juu ya zulia la watu, anakohoa, anatoa majina moja moja kama mtu anayetoa watoto kwenye nyumba inayoungua, anamkabidhi mchunga farasi.

"Ni wangu," alisema. Akarudia kwa nguvu hadi farasi wakainua vichwa. "Ni mwanangu, Reinhold. Nilimzaa na Gottlieb Hornung, kijijini kwetu, Volga. Niandikie adhabu yako."

Kamanda akashusha pumzi. "Jina la kwanza? Reinhold?"

"Tursyn," kijana alisema.

"Mama yako hapa anasema—"

"Mama yangu hapa alinipa Reinhold. Mama yangu yule alinipa Tursyn, na ndilo lililonifikisha hapa. Andika Tursyn, mwana wa Gottlieb, Hornung."

"Gornung," kamanda alisema. "Herufi hiyo hatuna."

"Andika upendavyo," kijana alijibu, na Paulina, aliyekuwa analia, akapigwa na kicheko kikatoka puani.

Adhabu ilikuwa siku kadhaa kwenye ghala la baridi la wilaya, nayo ilimwachia Paulina maumivu ya mgongo ya maisha. Chuo kilifunga mlango. Tursyn akawa mchunga farasi, na kila mwezi yeye na mama yake walikwenda pamoja kutia sahihi, mama mbele kidogo, mwana nyuma, na sasa alimwita mama mbele ya kijiji kizima. Walikuwepo waliomcheka: mtu amekabidhiwa ufunguo, akautupa kisimani. Mwalimu hakumsalimia kwa mwaka. Kuna siku Tursyn mwenyewe alirudi malishoni, akakaa kwenye ukuta wa zizi akiwatazama vijana wenzake wakipanda lori kwenda mjini, na hakuna aliyemsogelea.

Baadaye kamanda aliondolewa, na sahihi zikakoma. Wahamishwa waliambiwa wako huru kwenda popote, isipokuwa kwao Volga. Tursyn aliingia chuo akiwa mkubwa kuliko wote darasani, wakamwita babu. Alirudi likizo ya kwanza akamkuta Baizak amelala upande, hawezi kugeuka.

Baizak alifariki mwanzo wa vuli. Kwa desturi yao mwana wa marehemu husimama nje ya mlango, ameegemea fimbo, akiomboleza kwa sauti, na kila anayekuja humkumbatia kwanza. Wazee kutoka vijiji vya mbali walipofika walimkuta pale kijana mwenye nywele za majani makavu, ameegemea fimbo, analia kwa Kikazakhi. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti ya chini ni nani huyu Gornung anayesimama mahali pa mwana. Mwendesha mkokoteni wa zamani, ambaye sasa alikuwa kipofu, alimjibu kwa sauti ya juu: "Ndiye. Mkumbatie uingie ndani, unazuia mlango."

Ndani Paulina na Kalampyr walikuwa kwenye moto tangu alfajiri, wakikaanga maandazi ya matanga katika mafuta ya kondoo, mmoja akikata, mwingine akitumbukiza. Wageni walipokwisha kuondoka, Tursyn akiwa amelala na viatu vyake, Kalampyr alikaa chini, miguu mbele, kama msichana.

"Kibanda chako kinavuja," alisema.

"Kinavuja kidogo."

"Kinavuja sana. Nakusikia ukihamisha sufuria." Akajifuta unga mikononi. "Nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja. Lete godoro lako. Lakini nyimbo zako za kanisani, asubuhi mapema, hapana."

"Na wewe chumvi kwenye chai, hapana."

"Chai bila chumvi ni maji ya kuoshea vyombo."

"Basi nitajipikia yangu."

"Jipikie," Kalampyr alisema.

Paulina akatoka kwenda kuchukua godoro.